Kiruna: Jiwe Lililoinama

Saa saba na nusu usiku baruti hulipuka chini ya Kiruna. Mtetemo hupanda kupitia mwambani hadi kwenye miguu ya vitanda. Mgeni hushtuka na kuanza kutafuta viatu vyake gizani, ilhali mwenyeji hujigeuza ubavu wa pili akaendelea kulala, maana angetikisika moyo kama mlipuko usingesikika.

Mji huu uko kaskazini kabisa mwa Uswidi, kilomita zaidi ya 140 ndani ya Mzingo wa Aktiki. Mwishoni mwa Mei jua hukataa kuzama, na katikati ya Desemba hukataa kuchomoza. Kabla ya reli walioishi huku ni Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Wengine walifuata mlima mmoja tu, Kiirunavaara, kwa sababu tumbo lake lote ni chuma. Kiiruna, aliyeupa mlima na mji jina, ni ndege mweupe wa theluji, wa ukoo mmoja na kwale. Nilipolisoma hilo nilicheka, kwa kuwa Kenya nayo ina Kwale yake, na huko pia walichimba madini ya titani mchangani hadi mwisho wa 2024. Kwale na migodi, sijui wana agano gani.

Chuma cha Kiruna kimo ndani ya jiwe jeusi liitwalo magnetaiti. Huenda umeshalishika bila kujua. Mtoto aliyewahi kuburuta sumaku ya spika mbovu kwenye mchanga anazijua zile chembe nyeusi zinazoganda kama ndevu. Nyingi ni magnetaiti. Sasa fikiria chembe hizo zimeshikana zikawa bamba moja lenye urefu wa kilomita 4, unene wa mita 80 hadi 120, na kina cha takriban kilomita 2. Jiwe la kawaida la ujazo wa lita moja lina uzito wa kilo 2 na nusu na ushei. La magnetaiti hupita kilo 5, kwa hiyo mkono unaolinyanyua hudanganyika. Likiwa safi, zaidi ya asilimia 72 ya uzito wake ni chuma. Ndugu yake, hemataiti, ndiye anayeipa ngeu ya mafundi seremala wekundu wake. Ukitaka kuwatofautisha, kwaruza kila mmoja kwenye kigae kisichopakwa rangi: hemataiti huacha mstari mwekundu, magnetaiti mweusi.

Bamba hili liliingiaje humo? Swali hilo limewagombanisha wanajiolojia kwa zaidi ya miaka mia. Wanakubaliana kwamba lina umri wa takriban miaka bilioni 1.88, na kwamba limebanwa katikati ya miamba ya volkano ya zama hizo. Per Geijer, aliyeichunguza Kiruna mwanzoni mwa karne ya 20, alishikilia kuwa chuma kilipanda kikiwa kimeyeyuka, kama uji wa moto kutoka chini ya volkano. Wengine wanasema hapana, ni maji ya moto yaliyobeba chuma na kukiacha njiani. Upande wa Geijer hupenda kunyoosha kidole kuelekea El Laco, volkano ya milima ya Andes nchini Chile, ambako magnetaiti imetanda juu ya ardhi na umbo lake ni la lava iliyotiririka. Mwaka 2019 watafiti waliopima aina za atomi za chuma na oksijeni zilizomo katika mawe ya namna hii walitoa majibu yaliyoelemea upande wa uji wa moto. Mimi nawaamini hao. Waliobaki bado wanabishana.

Watu waliujua mlima huo tangu karne ya 17, lakini kwa miaka 200 haukuwafaa kitu. Umbali ulikuwa tatizo, ila kubwa zaidi lilikuwa apataiti, madini ya fosforasi yaliyochanganyika na chuma hicho. Apataiti si mgeni kwetu: meno yako yamejengwa na ndugu yake wa karibu, na mbolea ya Minjingu kule Manyara hutoka kwenye fosfeti ya jamii hiyo hiyo. Shambani ni baraka. Ndani ya chuma ni balaa, kwa sababu chuma chenye fosforasi nyingi huvunjika kama kigae, hasa wakati wa baridi, na Kiruna baridi ndiyo kazi yake. Aliyelifungua fundo ni karani wa mahakama wa London, Sidney Gilchrist Thomas, aliyesoma kemia jioni baada ya kazi. Mwaka 1878, akishirikiana na binamu yake Percy Gilchrist, alionyesha kuwa tanuru likijengwa kwa mawe ya jamii ya chokaa, fosforasi hunaswa na kutoka na taka. Mlima uliodharauliwa ukawa mali. Kampuni ya uchimbaji ya LKAB ilianzishwa mwaka 1890, mji mwaka 1900, na miaka miwili baadaye reli ikafika Narvik, bandari ya Norway isiyoganda barafu. Hadi leo treni za mabehewa 68 huteremka kwenda huko, na breki zake huzalisha umeme zikishuka na mzigo.

Aliyeusimamia mji tangu mwanzo alikuwa Hjalmar Lundbohm, naye alikuwa mwanajiolojia. Alitaka mji mzuri wenye mitaa inayofuata mteremko ili kukata upepo. Aliuweka mashariki mwa mlima. Hapo ndipo pana kisa chenyewe.

Chomeka ubao mchangani kwa ulalo, ncha ya juu ielekee magharibi na ya chini iingie mashariki. Ndivyo bamba la Kiruna lilivyolala, likishuka kwa pembe ya karibu nyuzi 60. Sasa uvute ubao huo polepole kutoka ndani. Mchanga wa magharibi, uliokuwa chini yake, utabaki mahali pake. Wa mashariki, uliolala juu yake, utaporomoka kujaza nafasi. Wachimbaji wa Kiruna hufanya hivyo hivyo kwa makusudi. Hutoboa mashimo kwenda juu ndani ya chuma, huyajaza baruti, huzoa kinachoanguka, na kuuacha mwamba wa mashariki ushuke nyuma yao. Njia hiyo ni rahisi na salama kwa aliye ndani. Lakini kila wanapochimba kwa kina zaidi, ufa wa juu husogea mashariki zaidi, na mashariki ndiko waliko watu.

Lundbohm simlaumu. Enzi zake chuma kilichukuliwa juu ya mlima, mchana kweupe. Kazi ilihamia chini ya ardhi baadaye, na mwaka 2013 ngazi kuu mpya ya uchimbaji ilizinduliwa mita 1,365 chini, ikihesabiwa kutoka kilele cha zamani. Miaka tisa kabla ya hapo mgodi ulikuwa umeshaliandikia baraza la mji barua: ardhi inakuja kupasuka, hamisheni katikati ya mji. Katika watu wapatao 18,000, kama 6,000 walitakiwa kuhama. Katikati mpya, kilomita 3 mashariki, ilizinduliwa Septemba 2022. Agosti 2025 ikawa zamu ya kanisa la mbao la mwaka 1912, lenye umbo lililoiga kibanda cha Wasami. Halikubomolewa. Lilinyanyuliwa zima, tani 672, likapakiwa juu ya matela na kusafirishwa kilomita 5 kwa siku mbili, kwa mwendo wa mtoto anayetambaa.

Mji mpya nao umezungukwa na madini. Upande mmoja kuna shaba ya Viscaria, iliyopewa jina la ua dogo la waridi linalostahimili udongo wenye shaba. Ua hilo ndilo lililowaonyesha watafiti pa kuchimba miaka ya 1970. Kaskazini kuna chuma kingine kilichoitwa Per Geijer, na Januari 2023 LKAB ilitangaza kuwa ndani yake mna zaidi ya tani milioni moja za oksidi za madini adimu, yale yanayotengenezea sumaku za magari ya umeme. Yamejificha ndani ya apataiti ile ile iliyotukanwa karne nzima. Wafugaji Wasami wa jamii ya Gabna wanasema mgodi ukichimbwa huko utakata njia ya mwisho ya kulungu wao, na ukitazama ramani huwezi kuwaambia wanatia chumvi.

Nyumba ya Lundbohm ilikuwa upande ule ule unaopasuka. Ilihamishwa mwaka 2017.