Nguo za Mtoto Mchanga: Kufua, Kuanika na Kutunza

Wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza juu ya kazi ambayo watu wengi huiona kuwa ndogo, nayo ni kufua na kutunza nguo za mtoto mchanga. Tumeichagua kwa sababu hakuna kitu kimgusacho mtoto usiku na mchana kama nguo zake, isipokuwa mwili wa mama yake. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na vitu vilivyo juu yake huweza kupenya upesi na kuingia mwilini. Tena mtoto hawezi kusema kwamba fulana yamuwasha, wala hawezi kuivua. Basi yeye afuaye nguo hizo amewekwa kuwa mlinzi wake.

Wako wanaodhani kwamba nguo ni safi ikiwa ni nyeupe na yanukia sabuni. Lakini nguo yaweza kuwa nyeupe kama theluji ya Kibo, na bado ikamdhuru mtoto kwa sabuni iliyobaki ndani yake, au kwa unyevu, au kwa dawa iliyotiwa katika sanduku ilimowekwa. Kwa hiyo tutaifuata nguo hatua kwa hatua, tangu inapovuliwa mpaka inapowekwa sandukuni. Na habari kubwa kuliko zote iko huko sandukuni.

Maji

Watu wa mlimani wamejaliwa maji. Wazee wa Kichagga walichimba mifongo, yaani mifereji iletayo maji kutoka mtoni mpaka vihambani, na mingine yatumika hata sasa. Lakini mfongo ni mali ya wengi. Maji yapitayo kwako asubuhi yafika kwa jirani wa chini baadaye, naye huenda akayateka kwa kupikia. Mama anayesuuza nepi ndani ya mfongo ampelekea mwenzake kinyesi, pamoja na magonjwa ya kuhara na homa ya matumbo. Watu husema kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Si kweli, maana vijidudu vya maradhi huwamo kama vilivyo katika kinyesi cha mtu mzima.

Kwa hiyo yafaa kuteka maji na kufulia katika karai, mbali na mfongo au chemchemi. Kinyesi kikwanguliwe na kutupwa chooni kwanza. Maji ya kwanza ya kulowekea nepi nayo yamwagwe chooni, na maji ya mwisho ya kusuuzia, ambayo ni karibu safi, yaweza kumwagwa penye migomba. Ninyi vijana wa shule mnaotumwa maji, jueni kwamba ndoo moja mnayoiongeza siku ya kufua si kazi bure, kama tutakavyoonyesha.

Kuloweka na kufua

Mtoto mchanga mwenye afya, akiisha kupita siku zake za kwanza, hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Mkojo ukikaa katika nguo hugeuka kuwa mkali, na ndio utoao ile harufu ichomayo puani. Ndiyo maana haifai kukausha nepi yenye mkojo na kumvika mtoto tena bila kuifua, hata kama haionekani kuwa chafu. Mtoto huchubuka matakoni na mapajani, na machubuko yale huingiliwa na vijidudu.

Nepi ziwe na karai lake, zisichanganywe na nguo nyingine. Zilowekwe katika maji ya baridi kwanza, maana maji ya moto hushikiza madoa ya kinyesi na ya maziwa. Kisha zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya mche isiyo kali. Sabuni ya unga yenye manukato mengi, na dawa za kung'arisha nguo, huwasha ngozi ya watoto wengine. Mwenye kuzitumia apunguze kiasi na asuuze mara nyingi zaidi. Pale ambapo mtu wa nyumbani anaharisha, yafaa kuzichemsha nepi katika sufuria isiyotumika kwa chakula.

Sasa twarudi kwenye ile ndoo ya ziada. Kazi ya kufua haikomi povu likiisha kuonekana jeupe. Sabuni iliyobaki katika nguo hukauka pamoja nayo. Mtoto atokwapo na jasho au akojoapo, sabuni ile huyeyuka tena juu ya ngozi yake na kumletea upele. Basi nguo isuuzwe katika maji mapya mara tatu. Ukitaka kujua kama imetosha, ikamue juu ya kiganja: maji yakiwa maangavu, wala hayatelezi kati ya vidole, sabuni imekwisha. Yakiwa na utelezi, isuuze tena. Maji mengine yana chumvi za mawe ndani yake, na sabuni haitoi povu upesi, bali hufanya utando wa kijivu juu ya nguo. Hapo maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora zaidi.

Kuanika

Moshi mjini ni kama mita 800 na zaidi kidogo juu ya bahari, lakini vihamba vingi viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa digrii kama 6. Kwa hiyo nepi ikaukayo mjini kabla ya adhuhuri, huko Kibosho au Marangu yaweza kukaa siku mbili katika mvua za masika, na hata mwezi wa Julai, wingu linapofunika mlima. Nguo mbichi hunuka na kuota ukungu, na mtoto aliyevikwa nguo mbichi hupoteza joto upesi. Mtoto mchanga hawezi kujipasha moto kama mtu mzima, na baridi huweza kumwua.

Dawa ya jambo hili ni kuwa na nepi za kutosha, zisizopungua 12, hata kama zimekatwa katika kanga au shuka kuukuu zilizofuliwa vema. Pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya. Jua linapotoka, hata kwa saa mbili tu, nguo za mtoto zitangulie kwenye kamba kabla ya nguo za wakubwa, maana jua hukausha na pia huua vijidudu vingi.

Nguo za mtoto zisitandazwe juu ya majani, wala chini, wala juu ya ua wa masale. Katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, yuko nzi atagaye mayai yake katika mchanga wenye mkojo na katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai hayo huangua funza wadogo, nao hupenya ngozi ya mwenye kuvaa nguo na kukua ndani yake, mpaka mahali pale panavimba kama jipu. Nepi ndizo wazipendazo zaidi. Kinga yake ni nyepesi: anika kwenye kamba iliyo juu, penye jua, ingiza nguo ndani kabla ya jioni, kisha uzipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa penye mishono na mapindo. Joto la pasi huua mayai na funza.

Tahadhari moja kuhusu moto. Nyakati za baridi watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha nguo na kumpasha mtoto joto. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo imewaua watu wengi wakiwa usingizini. Jiko la mkaa na pasi ya mkaa visikae katika chumba kilichofungwa alimolala mtoto, hata kwa muda mfupi.

Nguo za sufu

Huko juu mtoto huhitaji sweta, kofia na soksi. Nguo za sufu hazitaki nguvu. Zitumbukize katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uzibonyeze kwa mikono bila kuzifikicha, na kuzisuuza katika maji ya joto lile lile. Ukizitoa katika maji ya moto na kuzitia katika ya baridi, nyuzi hushikamana, na sweta la mtoto wa miezi sita halitamtosha hata wa siku tatu. Usizisonge kwa kuzikamua; zikunje ndani ya kitambaa kikavu na kukibonyeza, kisha uzilaze juu ya meza ndani ya nyumba, penye hewa, mpaka zikauke.

Sandukuni

Sasa twafika penye jambo lile kubwa. Nguo za mtoto hazichakai upesi, kwa kuwa mtoto hukua kabla hazijaisha. Kwa hiyo bibi huzikunja na kuziweka sandukuni zimngoje mjukuu mwingine. Mwezi wa Desemba, Wachagga wengi warudipo nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha pamoja na watoto wao, sanduku hufunguliwa, na blanketi dogo hutolewa kwa furaha. Mara nyingi hutoka na harufu kali ya vile vidonge vyeupe viitwavyo naftalini, ambavyo huwekwa ili kufukuza nondo na mende.

Vidonge hivyo ni hatari kwa mtoto mchanga. Mvuke wake huingia katika nguo, na kutoka katika nguo huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi. Ndani ya mwili huvunja chembechembe nyekundu za damu. Chembe zikivunjika hutoa kitu cha rangi ya manjano, na ini la mtoto mchanga, ambalo bado ni changa, haliwezi kukiondoa chote. Macho na ngozi huwa manjano. Kikizidi mno huingia katika ubongo, na mtoto aweza kufa, au kupona akiwa kiziwi au mwenye viungo vilivyoharibika.

Wanaodhurika zaidi ni watoto waliozaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu. Upungufu huu hurithiwa, huonekana zaidi kwa wavulana, nao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, kama Afrika ya Mashariki. Mtoto mwenye upungufu huo huonekana mzima kabisa, na wazazi huwa hawajui mpaka siku anapokutana na naftalini. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1951 daktari wa Marekani aliandika habari za mtoto mchanga aliyekufa baada ya kuvikwa nepi zilizohifadhiwa na vidonge hivyo. Na mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika habari za watoto wachanga kadhaa waliovunjikiwa damu kwa kuvuta mvuke wake tu.

Huenda mmoja wenu akauliza: Je, nondo tuwaache wale nguo? Hasha. Lakini jueni kwamba nondo hula sufu, hawali pamba. Nguo za pamba za mtoto hazihitaji vidonge hata kidogo. Za sufu nazo zitalindwa kwa kufuliwa kabla ya kuwekwa, maana nondo hupenda zaidi penye jasho na madoa ya maziwa; zikaushwe kabisa, zifungwe katika mfuko au sanduku lenye kifuniko kizuri, na kila mwezi zitolewe juani na kukung'utwa. Mende nao huja kwa uchafu na unyevu. Pasipo hivyo hawana haja na sanduku lako.

Na kama nguo zilikwisha kuwekwa na naftalini, au zimenunuliwa katika soko la mitumba zikiwa na harufu ile? Zianikwe nje penye upepo na jua kwa siku kadhaa, kisha zifuliwe na kusuuzwa vema. Harufu ikibaki, asivikwe mtoto mchanga. Wala mtoto asipakwe mafuta na kuvikwa nguo yenye harufu hiyo, kwa maana mafuta husaidia sumu kupenya ngozi. Vidonge visiwekwe katika kabati la chumba chake, wala mahali ambapo mtoto anayetambaa aweza kuviokota na kuvila.

Yafaa pia kujua dalili. Watoto wengi huwa na manjano kidogo katika juma la kwanza, nayo hupita. Lakini manjano yakionekana siku ile ile ya kuzaliwa, au yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Mawenzi, au KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, au iliyo karibu zaidi. Kumwotesha jua nyumbani hakutoshi. Hospitali wana taa maalumu za kuondoa manjano, na damu pale inapohitajika. Mwambie daktari kama nguo ziliwekwa na naftalini, maana habari hiyo humsaidia kujua chanzo.

Basi tukumbuke mambo haya matano: maji ya nepi yasiingie mfongoni, nguo isuuzwe mara tatu, ianikwe juu, penye jua, na kupigwa pasi, iwekwe ikiwa kavu kabisa, na naftalini isiingie katika sanduku la mtoto. Hakuna kati ya hayo lihitajilo fedha nyingi. Mama akiyajua, yafaa amwambie bibi mwenye kutunza sanduku, na baba aendaye dukani, maana mara nyingi wao ndio wanunuao vidonge vile, tena kwa upendo, wakidhani wamtunzia mtoto nguo zake.