Laptopu Kuchemka Nesitu: Anza na Vumbi

Februari 2025 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto kali, kama ilivyofanya Machi 2024. Siku za namna hiyo huumiza mashine pia. Huko Nesitu, kando ya barabara ya Juba kwenda Nimule, laptopu huanza kuvuma, ikawa nzito, kisha ikazimika ghafla. Wengi hudhani imekufa, kumbe inajilinda: prosesa ikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na joto likizidi hapo mashine hujizima.

Laptopu nyingi zimetengenezewa hewa isiyozidi nyuzi 35. Joto la prosesa hupita kwenye bomba la shaba hadi kwenye mapezi ya metali, na feni hulipuliza nje. Mapezi yakiwa na nyuzi 85 na chumba nyuzi 25, tofauti ni 60, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa joto nje. Chumba kikifika 42, inabaki 43. Zaidi ya robo ya uwezo wa kupoa imeshapotea kabla hujafungua faili. Hatuna uwezo juu ya jua, ila vumbi tunaliweza.

Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini na utenganishe betri. Kati ya feni na mapezi utakuta utando wa vumbi na nyuzi za nguo, umeshikana kama kipande cha blanketi. Feni inazunguka vizuri, lakini hewa haipiti. Utoe kwa brashi laini, kisha puliza, huku umeishika feni isizunguke. Kama mashine ina miaka kadhaa na bado inachemka, mpelekee fundi abadilishe pasti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, kwani hukauka.

Baada ya hapo, iweke mezani, si kitandani, maana godoro huziba matundu ya chini. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99. Kwa kawaida hatua hiyo huzuia kasi ya ziada, na joto hupungua. Kazi nzito zifanye alfajiri.

Ukiona betri imevimba, acha kuitumia mara moja, usiichaji wala kuitoboa. Inaweza kuwaka moto. Hapo usisubiri: iondolewe na fundi.