Ndege wa Nyika na Milima ya Same: Wapi pa Kuwaona na Kwa Nini Usharika Uhusike



Miaka michache iliyopita tulipokea wageni kutoka usharika rafiki wa Ujerumani, waliokuja kuona mradi wa maji. Mmoja wao, mama mstaafu mwenye darubini shingoni, aliniuliza: "Yule ndege anayepatikana hapa kwenu tu duniani, yuko wapi?" Mimi ni mtoto wa milima hii, lakini sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu lililochelewa.

Wilaya ya Same ina sura mbili. Upepo wa Bahari ya Hindi unapopanda Milima ya Pare Kusini huacha mvua huko juu. Tambarare za Makanya na Hedaru, upande wa magharibi, hubaki kavu, zikipata takriban milimita 500 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo katika siku moja mgeni anaweza kutoka kwenye migunga na vumbi hadi kwenye ukungu na baridi, na kila hatua ina ndege wake.

1. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi
Lango la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini Same. Eneo hili lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, likawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200, linapakana na Tsavo ya Kenya, na aina zaidi ya 400 za ndege zimeorodheshwa humo. Tafuteni mbuni, tandawala, hondohondo, na yule kanga mwenye kichwa kitupu kama cha tai na kifua cha bluu. Bwawa la Dindira ni mahali pazuri pa kusubiri asubuhi, maana katika nchi kavu ndege wote hufuata maji.

2. Bwawa la Kalimawe
Liko kando ya barabara inayopita Kisiwani kuelekea Ndungu, kati ya milima na hifadhi. Maji yakiwepo, mtaona yangeyange, mnandi, korongo na bata. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huongezeka ndege wahamiaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

3. Ndiva na mpungi
Mkianza kupanda milima, msipite haraka. Ndiva ni mabwawa madogo ambayo wazee wetu walichimba ili kukusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mashambani mchana. Ndege wengi hunywa hapo. Mpungi ni misitu midogo ya koo, iliyotunzwa kwa sababu ya matambiko. Hapa tuseme ukweli. Tulipopokea Injili, wengi wetu tuliiona mpungi kuwa mabaki ya upagani, na mingine ilikatwa bila hofu yoyote. Tuliacha matambiko, na hilo ni sawa. Lakini miti haikuwa na kosa.

4. Msitu wa Shengena
Huu ndio moyo wa jambo lenyewe. Kilele cha Shengena, chenye urefu wa karibu mita 2,460, kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome. Humo ndimo anamoishi ndege aliyeulizwa na yule mama: kinengenenge wa Pare Kusini, mdogo kuliko shomoro, mwenye mgongo wa kijani, tumbo la kijivu na duara jeupe kuzunguka jicho. Hutembea kwa vikundi, akitafuta wadudu na matunda kwenye matawi. Huishi katika misitu ya milima hii tu, hana makao mengine. Humo pia yupo kulukulu wa kijani, ambaye mabawa yake mekundu huonekana anaporuka. Njia inayotumiwa na wageni wengi ni kupitia Mbaga. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, nguo za baridi na viatu imara. Wakati wa masika barabara huteleza sana.

Hili linatuhusu nini?
Msitu anaoishi kinengenenge ndio unaonywesha wilaya. Mito kama Yongoma na Hingilili hushuka kutoka milima hiyo hadi mashamba ya Ndungu na Maore. Upande wa pili, vijito hujaza ndiva za wakulima wa mahindi na maharage. Miti mikubwa kama mkulo ikikatwa kwa mbao au mkaa, ndege hupoteza makao, na mkulima wa chini hupoteza maji. Ndege akibaki, ni dalili kwamba msitu bado upo.

Tusidanganyane kwamba watazama ndege watatutajirisha. Ni wachache, na viingilio vya hifadhi huenda serikalini. Kijiji hupata pale mgeni anapolala, anapokula na anapomlipa kijana anayemwongoza. Fedha hizo ni kidogo, lakini humwonyesha kijana kwamba mti uliosimama nao una bei.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za sharika:
- Kila usharika uwatambue vijana wawili au watatu wanaoijua misitu, wajifunze majina ya ndege kwa Kichasu, Kiswahili na Kiingereza.
- Akina mama wanaoweza kupika na kulaza wageni wajulikane mapema.
- Miche ya asili ipandwe kandokando ya ndiva na vijito, na mpungi iliyosalia ilindwe.
- Watoto wa Shule ya Jumapili wapelekwe msituni walau mara moja kwa mwaka.

Kwa marafiki na wafadhili wetu: mkija kutembelea miradi, ongezeni siku mbili. Maji mnayotusaidia kuyafikisha bombani yanaanzia kwenye msitu huo.

Bwana Yesu alipofundisha watu wasisumbukie maisha, aliwaelekeza wawatazame ndege (Mathayo 6:26). Sisi tulio wenyeji tumekuwa wa mwisho kutazama. Tuanze sasa, wangali wapo.