Sura ya Sita: Mbwa Wachanga Mbele ya Nguruwe Pori

Mkoani Kigoma, kuanzia mihogo ya Ilagala hadi mahindi ya Buhigwe, wenye mbwa huniuliza swali moja: nimpe nini awe mkali? Hawaulizi wamfunze vipi aache. Nami nasema shida yote ya mbwa wa shamba iko hapo. Mbwa wakali wamejaa vijijini. Mbwa watatu wanaoweza kumkabili nguruwe pori usiku, wakamtoa shambani, kisha wakaitwa na kurudi wote wakiwa wazima, ni wa kutafuta kwa tochi.

Nimekusudia kuligawa somo hili katika hatua nne: kuchagua mtoto wa mbwa, kumfunza kuitika, kumuunganisha na wenzake, na usiku wa kwanza wa kazi. Ila kabla ya hatua ya kwanza kuna takataka za kufagia.

Pilipili, dawa ya puani na mbwa wa kizungu

Watoto wa mbwa wa mkoa huu wamelishwa mengi. Wapo wanaowachanganyia pilipili kichaa kwenye uji, wapo wanaowalisha nyigu, wapo wanaowapa bangi. Pilipili huunguza pua na tumbo, na mbwa mwenye pua inayowaka hamnusi nguruwe aliyejilaza kichakani hatua chache tu kutoka alipo. Nyigu huweza kumvimbisha koo hadi akakosa pumzi. Bangi humlevya, na mlevi hatumwi usiku.

Kisha kuna mganga na dawa yake ya puani, eti mbwa afunguke harufu. Pua ya mbwa haikuwahi kufungwa. Ukiona mbwa amekuwa hodari baada ya dawa, mtazame mwenye mbwa: kwa kuwa ameshalipa, sasa anatoka na mbwa wake kila alfajiri, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Angeanza na alfajiri, akabaki na hela yake.

Njaa nayo imepewa sifa isizostahili. Mbwa mwenye njaa hamfuati nguruwe, anafuata kuku wa jirani. Ugali na dagaa wakavu, au ugali na vichwa vya migebuka vilivyochemshwa mpaka mifupa ikalainika, vinatosha kumjenga mbwa wa kazi.

Na mbwa hodari akikonda, akashikwa na homa, macho yakaingia ukungu wa rangi ya buluu, nitaambiwa amelogwa na jirani mwenye wivu. Ukanda huu una mbung'o, hasa ukielekea miombo ya Uvinza na bonde la Malagarasi. Mbung'o humwachia mbwa vimelea vya nagana, na ukungu machoni ni mojawapo ya dalili zake. Tiba anayo daktari wa mifugo, na ina maana ikiwahi. Siku anazopoteza mtu akimtafuta mchawi ndizo zinazomuua mbwa.

Siku hizi umeingia mtindo wa mjini wa kutafuta mbwa wa kizungu mwenye kifua kipana. Kwa kulinda duka la mjini Mwanga, sawa. Kwa shamba la mihogo lenye kupe, mbung'o na joto, huyo ni mgonjwa mtarajiwa. Mbwa wetu mdogo wa kijijini, mwenye manyoya mafupi na mkia uliojikunja, amechujwa na maradhi hayohayo kwa vizazi vingi. Wazungu wenyewe walikuja kumchukua ndugu yake huko Kongo katika miaka ya 1930, wakampa jina la Basenji, na mwaka 1937 walipomweka kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, watu walijazana kumtazama. Sisi tunamwita mbwa koko na kumpiga mawe.

La mwisho nalisikia zaidi Ujiji: kwamba Muislamu hafugi mbwa. Mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, na chombo alichokilamba kina taratibu zake za kuoshwa mara saba. Lakini Hadithi zimemtoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba katika katazo la kufuga, na Sura ya al-Maida, aya ya 4, imezungumzia wazi mawindo ya mnyama aliyefunzwa. Wanazuoni walipouliza ni yupi huyo aliyefunzwa, walitaja alama tatu: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, na akikamata hali. Nguruwe mwenyewe ni haramu kuliwa, hilo halibadiliki, lakini kumfukuza shambani si kumla. Tazama alama ya pili. Wanazuoni hawa hawakuona mihogo ya Kigoma, na bado wamelijua somo kuliko jirani yangu mwenye pilipili.

Sheria nayo lazima itajwe, maana wengi hujidai hawaijui. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imemweka mbwa katika orodha ya njia zisizoruhusiwa za kuwindia bila idhini ya maandishi, pamoja na sumu na mitego. Kwa hiyo sura hii inahusu mbwa wa kulinda mazao. Kazi yake ni kumtoa nguruwe shambani, si kumleta sufuriani. Na hifadhini mbwa haingii kabisa.

Hatua ya kwanza: kuchagua

Hapa sitakawia. Mchukue mtoto wa wiki nane hivi, wa mama anayefanya kazi. Angusha mfuniko wa sufuria karibu naye. Asiyeshtuka kabisa huenda ana kasoro ya masikio. Anayekimbia asirudi, mwache. Unayemtaka ni yule anayeruka, anasimama, kisha anarudi polepole kuunusa mfuniko. Usichukue ndugu wawili wa uzao mmoja kwa pamoja: watasikilizana wao kwa wao, wewe utabaki mpita njia.

Hatua ya pili: kuitika na kuacha

Kila mtoto afunzwe peke yake. Narudia kwa sababu ndipo watu wanapoharibu: wanaachia watoto wanne uwanjani, wanapiga kelele, wanasema wanafunza kundi. Wanafunza fujo.

Tumia mluzi wa aina moja kwa maana ya "njoo", na neno moja, "acha", kwa maana ya "acha". Mfunge kamba ndefu ya mita kumi hivi. Piga mluzi anapokuwa tayari amekugeukia, mvute taratibu, mpe dagaa mmoja, mwachie aende tena. Hilo la kumwachia aende ndilo linalosahauliwa. Mbwa anayeitwa tu wakati wa kufungwa hujifunza haraka kwamba mluzi ni mwisho wa raha, na usiku wa kazi atakuwa kiziwi. Kwa sababu hiyohiyo, usimwite kamwe ili umpige. Umemwita, amekuja, umemchapa: umemfunza kutokuja.

"Acha" ianzie kwenye bakuli. Weka chakula, mshike kifua, sema neno, subiri akutazame usoni, kisha mwachie ale. Kutoka bakuli nenda kwa kuku, kutoka kuku nenda kwa mbuzi, kisha mpitishe karibu na banda la nguruwe wa kufugwa, kamba ikiwa mkononi. Anayeweza kulipita banda na kugeuka kwa neno moja anaweza kuendelea. Hii ni kazi ya miezi, na haina mkato.

Kila mbwa awe na bakuli lake, mbali na la mwenzake. Makundi mengi niliyoona yakivunjika hayakuvunjwa na nguruwe, yalivunjwa na sufuria moja ya ugali iliyowekwa katikati ya mbwa watano.

Hatua ya tatu: kuunganisha

Hapa kuna kosa kubwa kuliko yote: watu hudhani mbwa wanaweza kugawiwa majukumu kama timu ya mpira, huyu abweke, huyu azibe nyuma, huyu ashike sikio. Mbwa hapokei jukumu. Anatazama mwenzake anafanya nini, kisha anachukua nafasi iliyobaki wazi.

Ushahidi ninaoupenda uko kaskazini mwa Kigoma mjini, mwendo mfupi kwa boti, katika milima ya Gombe. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika pale Julai 1960, wakati ambapo wataalamu walidhani sokwe ni mla matunda na majani, na nyama kwake ni bahati tu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo alimwona dume aliyekuja kuitwa David Greybeard akiwa juu ya mti na kitu cha rangi ya waridi mkononi. Kilikuwa kitoto cha nguruwe pori. Wenzake walikuwa wakimnyooshea mikono wakiomba, na chini ya mti walikuwa nguruwe wakubwa waliojaa hasira. Hivyo nyama ya kwanza kuonekana Gombe ilikuwa nguruwe huyuhuyu anayetuharibia mihogo.

Miaka mingi iliyofuata watafiti waliandika kila windo waliloliona, hasa la mbega wekundu, na kila mtu alitaka kujua: je, sokwe hupanga? Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi wa kumbukumbu za miongo kadhaa kutoka Gombe na kutoka msitu wa Kibale, Uganda. Uligundua kwamba katika kila kundi wapo madume wachache, kama Frodo wa Gombe, ambao wakiwepo uwezekano wa kundi kuwinda hupanda. Si kwamba wanaamuru. Wanaanza. Wakishaanza, mbega wanatawanyika na kushughulika nao, na kwa sokwe wa pili na wa tatu windo limekuwa rahisi na hatari yake imepungua. Kila mmoja anafuata nafasi yake, na sisi tulio chini tunaona mpango.

Sasa badala ya sokwe weka mbwa. Huhitaji mbwa watano wenye ujasiri sawa, maana watano wa namna hiyo watagombana. Unahitaji mwanzilishi mmoja, mwenye umri, anayejua kumbwekea nguruwe bila kumvamia. Mchanga mmoja atoke naye kwanza, kwenye kamba, kwa majuma, mchana, wakifuata nyayo za jana tu. Mchanga wa pili aongezwe pale wa kwanza anapokuwa na adabu, si kabla. Watatu au wanne wanatosha kwa shamba lolote nililoliona mkoani. Usiwe na madume wawili wanaochukiana, na jike akiwa kwenye joto abaki nyumbani.

Na mjue mpinzani wenu. Nguruwe pori si ngiri, ingawa watu huchanganya majina. Ngiri hutembea mchana na hulala shimoni. Nguruwe pori ni wa usiku, hushinda kichakani, na dume lake halikimbii likaacha watoto: hukaa nao na kuwatetea. Akiwa mkubwa huweza kupita kilo 100. Meno yake ya chini ni mafupi kuliko ya ngiri, lakini yanajinoa kwa kusuguana na ya juu, na yanakata. Akibanwa hurudi kinyumenyume mpaka makalio yaingie kwenye miiba, kisha uso wote unakuwa silaha. Mbwa anayemsogelea kwa mbele kuuma hupasuliwa kifua au tumbo. Anayesimama nje ya urefu wa ule mruko mmoja, akabweka, akahama, akabweka tena, anaishi. Mwanzilishi mzuri humwonyesha mchanga umbali huo kwa mwili wake, na hakuna binadamu anayeweza kuueleza umbali huo kwa maneno.

Kwa hiyo usibane. Acha njia ya kutokea upande wa pori, wewe na mbwa mkae upande wa shamba. Huko Kongo mbwa wa misituni huvikwa kengele za mti shingoni ili mwenyewe ajue walipo. Kwetu kengele ina faida ya pili: nguruwe akiisikia na kuondoka kabla ya kuonana uso kwa uso, shamba limepona na mbwa wamepona.

Hatua ya nne: usiku wa kwanza

Nafasi nyingi imekwishaliwa na Gombe, basi nitakwenda haraka. Usimtoe mbwa usiku kabla hajakaribia mwaka. Mchanga akijeruhiwa mapema, mara nyingi ama anakuwa mwoga wa kila kichaka ama anakuwa na hasira isiyozuilika, na wote wawili hawafai. Usiku wa kwanza uwe wa mbalamwezi, mwanzilishi awe huru, wachanga wawe kwenye kamba. Wakisikia, wakabweka pamoja na kurudi, inatosha. Jeraha lioshwe kwa maji safi ya chumvi, na lililofunguka lipelekwe kwa daktari wa mifugo kesho yake, si keshokutwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ipigwe akifika miezi mitatu, irudiwe kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Ugonjwa wa distempa nao si wa kupuuza: mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa. Mbwa wako asiachwe akokote mzoga wa nguruwe pori hadi kwenye banda la nguruwe wa kufugwa, kwa sababu yule wa porini huweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye kuugua, na wa bandani watakwisha.

Mtihani wa kuhitimu ni mmoja. Mbwa wakiwa wamemsimamisha nguruwe, damu imewachemka, piga mluzi. Atakayegeuka na kukujia huku mnyama angali mbele yake amefuzu, na unaweza kumwamini na wenzake, na mbuzi wa jirani na watoto wa kijiji. Wasiogeuka warudishwe kwenye kamba na bakuli, hata kama kijiji kizima kinawasifu kwa ukali.