Fidla Mia, Upinde Mmoja

Mgeni anaposhuka Edinburgh, zumari ya mfuko ndiyo inayompokea. Iko kwenye kona ya barabara, iko kwenye kadi za posta, iko hata kwenye kopo la biskuti. Akirudi kwao husimulia kwamba muziki wa Waskoti ni huo, pamoja na wanaume waliovaa kilti. Sina ugomvi na zumari. Nina ugomvi na mtu anayekaa hapa wiki nzima, akala, akanywa, akapiga picha, kisha akaondoka bila kujua kwamba chombo kilichochezesha harusi za nchi hii na kuomboleza wafu wake kwa zaidi ya miaka 200 ni fidla. Wimbo ule ambao nusu ya dunia huuimba saa sita ya usiku wa mwaka mpya, lahani yake ni jamaa wa karibu wa muziki huu. Kwa hiyo hata wasioujua wameshauimba.

Shoga yangu mmoja wa Mombasa alikuja kunitembelea, nikampeleka kwenye onyesho la chama changu cha wapiga fidla. Jukwaani walikaa watu zaidi ya sitini, safu nyuma ya safu, wanaume kwa kilti, wanawake kwa blauzi nyeupe na kitambaa cha ukoo kilichopita begani, na mbele yao kiongozi na kijiti chake. Lahani ya tatu ilipokwisha shoga akaniinamia: "Mwenzangu, hawa wote wanapiga kitu kimoja? Na muimbaji anaingia saa ngapi?"

La muimbaji nililijibu papo hapo. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tumezoea fidla inayompisha mwenye sauti, inayomjibu na kumjazia pengo. Huku fidla haimpishi mtu, yenyewe ndiyo muimbaji. Lile la kwanza nililijibu kwa ukali wa mtu anayewatetea wenyeji wake, nikasema huo ndio uzuri wenyewe. Lakini nimelisikia swali hilohilo kwa wapigaji hodari wa huku, chini kwa chini, wakiwa wanafunga masanduku yao kwenda nyumbani. Basi nalijibu hapa kwa nafasi.

Kwanza huo muziki. Strathspey imepata jina kwa bonde la mto Spey, kaskazini-mashariki ya nchi. Ni mwendo wa mapigo manne, wa wastani, ambamo noti fupi hutangulia kwa kishindo na ndefu ikafuata ikivutwa. Ukitaka kuielewa, acha vidole, tazama mkono wa kulia. Upinde unashuka kidogo tu, kifundo kinageuka, halafu unapanda kwa nguvu ukibeba noti kadhaa kwa mvuto mmoja. Mkazo unaoungojea kwenye kushuka unakuja kwenye kupanda. Baada ya saa moja ya kazi hiyo utauona unga mweupe wa utomvu wa msonobari umetanda chini ya nyuzi, na mpigaji amelowa mgongo. Strathspey ikimalizika haisimami; inaangukia ndani ya rili, ambayo ni ya kasi, na hapo ndipo wachezaji hupiga ukelele.

Aliyesifiwa kuliko wote kwa upinde wa kupanda ni Niel Gow (1727–1807), aliyekulia Inver, kando ya Dunkeld huko Perthshire. Alikuwa mfumaji kabla ya kushikwa mkono na wakubwa wa Atholl, akawa anachezesha karamu zao, na nduguye Donald akimsindikiza kwa selo. Henry Raeburn alimchora akiwa amekaa na suruali yake fupi ya mistari, fidla kidevuni, uso wa mzee anayejua anachokifanya. Mkewe wa pili, aliyeishi naye zaidi ya miaka 30, alipofariki, Gow alimtungia maombolezo. Lahani ile haina maneno hata moja, na hadi leo ikipigwa ukumbini watu huacha kutikisa vijiko kwenye vikombe vya chai.

Hii ndiyo desturi ninayoipenda kupita zote: kumpa mtu lahani. Zamani ilikuwa njia ya kujikomba. William Marshall (1748–1833), msimamizi wa nyumba ya Duke wa Gordon na fundi wa saa pia, aliwajaza mabwana na mabibi wa wakati wake ndani ya lahani zake. Lakini desturi ilishuka hadi kwa watu wa kawaida na huko ikapata uzito wake. Leo mwalimu anastaafu, anapewa lahani. Mtoto anazaliwa, jirani anahama, mbwa anakufa, anatungiwa. Anayepewa hupokea karatasi yenye mistari michache, au hata hiyo hapewi, hupigiwa tu mbele ya watu. Baada ya miaka hamsini hakuna anayemkumbuka mwenyewe, ila jina lake linatajwa kila wiki katika kumbi za watu asiowahi kuwaona: "Tupige ile ya Bi fulani, halafu tuingie rili ya bwana fulani wa kivukoni." Nimewasikia wageni wakicheka majina hayo marefu. Wacheke. Mimi sijui njia nyingine ya maskini kuachiwa ukumbusho usiooza.

Wanaodhani muziki huu umefika hapa kwa njia nyeupe hawajui ulivyopigwa vita. Katika nyanda za juu na visiwa vya magharibi walitokea wahubiri waliouona ni kazi ya shetani, na fidla zikachomwa moto au zikatupwa. Alexander Carmichael, mkusanyaji wa sala na mila za Wagaeli, aliandika mwaka 1900 habari za mpiga fidla mashuhuri wa kisiwa cha Eigg. Mhubiri alimwandama mpaka mzee akaiuza fidla yake kwa mchuuzi aliyekuwa akipita njia. Fidla hiyo ilikuwa imepatikana kwa ng'ombe bora wa zizi la baba yake. Mzee hakulilia bei aliyopunjwa, alilia kuachana nayo, na inasimuliwa hakuonekana kutabasamu tena. Kila ninaposikia mtu akisema mila za Wazungu hazikuguswa na dini kama zetu, humkumbuka mzee wa Eigg.

Karamu za kila tarehe 25 Januari za kumkumbuka mshairi Robert Burns nazipita, zimeshaandikwa vya kutosha. Mashindano nayo nayapita, isipokuwa niseme kwamba James Scott Skinner (1843–1927), aliyejiita mfalme wa strathspey, alivuka bahari mwaka 1926, akiwa na zaidi ya miaka 80, kwenda kushindana Marekani, akagombana na mpiga piano, akashuka jukwaani. Hilo linatosha kuhusu mashindano.

Sasa vyama. Chama cha Edinburgh kilianzishwa mwaka 1881 na watu walioogopa kwamba strathspey na rili zitapotea au zitaharibika. Baadaye miji na mabonde mengine yakaunda vyao. Cha Aberdeen ni cha mwaka 1928. Mfumo wake haungemshangaza mtu wa chama cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kule Unguja: kuna mwenyekiti, mweka hazina, jioni ya mazoezi, na ugomvi wa nani akae mbele. Kisha akodiani ikaja. Inasikika ukumbi mzima bila kipaza sauti, haikatiki uzi katikati ya ngoma, na bendi za akina Jimmy Shand zikaichukua kazi ya kuchezesha watu. Fidla iliyokuwa bwana harusi ikawa mgeni mwalikwa. Vyama vilibaki na wapigaji wengi wasio na wa kumchezesha, na ndipo lilipokua jambo la kukusanyana: wapigaji wa mkoa mzima wanapanda jukwaa moja, mia au zaidi, hadhira imekaa kwenye viti na tiketi zake.

Siwabezi. Bila wao huenda nisingesikia lahani hata moja ya Marshall. Lakini fikiri kinachotakiwa ili watu mia wapige kama mmoja. Lazima upinde wa kila mtu upande na kushuka kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwendo wake unaandikwa kwenye karatasi. Vikorombwezo vya vidole vinaachwa, kwa kuwa vya watu mia vikigongana ni kelele. Kasi inakuwa ya yule wa polepole. Na hapo ndipo yanapofutika yale ambayo zamani yalikutambulisha umetoka wapi: fidla ya magharibi iliyoiga mikunjo ya zumari, ya kaskazini-mashariki yenye upinde uliochongwa na kunyooshwa, ya Shetland inayoliza nyuzi mbili pamoja. Shetland wenyewe hawapendi kuhesabiwa na Waskoti, na wana hoja: visiwa vyao viliwekwa rehani kwa Uskoti mwaka 1469 kwa ajili ya mahari ya binti mfalme wa Denmark, na mahari hayo hayakulipwa. Wana lahani wanazosema wahenga walizisikia kwa mashetani wa vilimani, wakatoka nazo mbio kabla hazijasahaulika. Lahani ya shetani haiwezi kupigwa na watu mia kwa kijiti cha kiongozi.

Kuna mkusanyiko wa namna nyingine, na huu ndio ninaoutetea kwa meno. Ni wa mwisho wa wiki, katika shule au ukumbi wa kijiji. Watu wanafika Ijumaa jioni na mvua mgongoni pamoja na masanduku yao. Jumamosi asubuhi mwalimu anapiga kipande kifupi, wanakirudia. Anaongeza kipande, wanaunga. Karatasi hakuna. Lahani nyingi zina sehemu mbili, kila moja hurudiwa, hivyo kufika wakati wa chakula darasa zima limeshaibeba kichwani. Daktari mstaafu anakaa kando ya binti wa darasa la sita, na binti ndiye anayemwambia kidole chake kimekosea. Usiku meza zinasogezwa, wanapiga kwa duara. Adabu yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mmoja anaanza peke yake, wengine wanangoja wasikie ni ipi. Usiyoijua unanyamaza, au unaipapasa kwa sauti ya chini. Huanzishi tatu mfululizo ilhali jirani hajaanzisha hata moja. Na ukitaka kubadilisha lahani unainua nyusi tu, na watu ishirini wanapinda kona pamoja nawe bila kugongana. Humo kila mtu anapiga lahani moja, ndiyo, lakini ukitega sikio unasikia mikono ishirini.

Wapigaji waliookoka vizuri zaidi wako ng'ambo. Kisiwa cha Cape Breton, Kanada, kilijazwa na Wagaeli walioondoka au kuondolewa nyanda za juu tangu mwishoni mwa karne ya 18. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 televisheni ya taifa ilionyesha filamu iliyosema mpiga fidla wa kisiwa hicho anatoweka. Watu walichukia kweli kweli. Waliunda chama, na Julai 1973 wapigaji zaidi ya mia wakapanda jukwaani Glendale, wakiongozwa na padri, John Angus Rankin. Mnaona mzaha wa historia: miaka mia moja kabla yake padri wa Mabou, kisiwani humohumo, alisifika kwa kukusanya fidla ili ziharibiwe. Lakini Cape Breton hawakuishia jukwaani. Ngoma ya kijiji iliendelea, katika kumbi kama za Glencoe Mills na West Mabou: fidla moja, piano moja, mguu wa mpigaji unaogonga sakafu, na watu wa rika zote wanacheza. Buddy MacMaster (1924–2014), aliyefanya kazi reli na kupiga telegrafu mchana, aliwachezesha vizazi vitatu kwa namna hiyo. Uskoti ilipotaka kujikumbusha mkono wake wa zamani ilimwita yeye, akaja kufundisha Sabhal Mòr Ostaig, chuo cha Kigaeli kisiwani Skye. Baadhi ya Waskoti walinung'unika kwamba mjukuu hawezi kumfundisha babu. Aliwafundisha.

Kwa watoto sina wasiwasi mkubwa. Tangu mwaka 1981, wazazi na viongozi wa kisiwa cha Barra walipoanzisha wiki ya kuwafundisha watoto muziki na lugha yao, mikusanyiko ya aina hiyo imeenea nchini, na mwaka 2021 serikali ya Uskoti ilifuta ada ya masomo ya vyombo vya muziki shuleni. Vijana wanaopiga vizuri ni wengi. Wasichokipata ni jioni ya kumchezesha mtu mzima mwenye viatu vizito, anayekosea hatua na kukudai kasi ipungue. Huko ndiko Gow alikojifunzia upinde, na hakuna darasa linaloweza kukupa.

Najua wazee wa chama changu wakitafsiriwa haya watasema nimewasimanga kwa chai yao. Ninachowaomba ni kidogo. Onyesho la mwaka ujao liendelee kama kawaida hadi mapumziko, kilti na blauzi na kijiti, wala sitanung'unika. Baada ya chai viti viondolewe ukumbini, abaki mpigaji mmoja na piano, wengine sitini tushuke tucheze. Asiyeweza kucheza akae ukutani na amshike mtoto wa mwenzake.