Kuunganisha Deki ya Video na Kioo cha Kompyuta

Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013, na yale ya Mei 2020, yaliziondolea familia nyingi za Bulembia vitu visivyoweza kununuliwa tena. Jirani yangu mmoja, askari polisi, alinusuru kanda ya video ya harusi yake, ambamo marehemu mama yake anaonekana akicheza. Deki aliazima, runinga hakuwa nayo, ila kioo kikuukuu cha kompyuta. Alinunua waya wa adapta, akaunganisha, na watoto wakaketi kumngoja bibi yao. Kioo kikabaki cheusi.

Ndugu msomaji, deki haikuwa mbovu, wala kioo. Waya ule hubadili umbo la plagi tu, haubadili picha yenyewe. Deki, katika tundu lake la manjano, hutoa mistari 15,625 ya picha kwa sekunde, rangi zote zikiwa zimechanganywa katika waya mmoja. Kioo chenye tundu la pini 15 hutaka nyekundu, kijani na buluu kila moja katika njia yake, tena kwa kawaida mistari ipatayo 31,000 au zaidi kwa sekunde. Wawili hawa hawaelewani bila mkalimani.

Mkalimani huyo ni kisanduku cha kigeuzi, chenye umeme wake. Kabla ya kutoa fedha zako, zingatia haya:

1. Kigeuzi kipokee plagi ya manjano na kutoa pini 15. Vipo vinavyofanya kinyume, yaani kupeleka picha ya kompyuta kwenye runinga, hivyo havitakufaa.

2. Plagi nyekundu na nyeupe ni za sauti. Vioo vingi vya kompyuta havina spika. Ziunganishe na spika za pembeni au redio yenye matundu hayo.

3. Ikiwa deki yako ni ya sahani na ina tundu la HDMI, na kioo kina tundu hilo hilo, waya mmoja watosha.

4. Chukua deki yako dukani, ujaribu kabla ya kulipa.

Jirani yangu alirudi dukani, akapata kigeuzi kilicho sahihi. Jioni ile watoto walimwona bibi yao kwa mara ya kwanza. Nami namshauri, kama ninavyokushauri wewe: kanda huchakaa kila mwaka, basi inakiliwe mapema, na nakala iwekwe kwa ndugu akaaye mbali na mto.