"Sikumbuki, Mheshimiwa": Ubongo Unasahau Nini Hasa?

Asubuhi ya tarehe 21 Machi 1973, Rais Richard Nixon wa Marekani aliketi ofisini kwake na mwanasheria wa Ikulu, John Dean. Baadaye akaingia H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu. Kashfa ya Watergate, ya uhalifu uliokuwa ukifichwa na watu wa Ikulu, ilikuwa imewafika shingoni. Wasaidizi wa Rais wangeweza kuitwa mbele ya jopo kuu la mahakama, waapishwe, na anayesema uongo baada ya kula kiapo anaweza kufungwa. Nixon akawaonyesha upenyo: shahidi anaweza kujibu kwamba hakumbuki. Hili tunalijua kwa uhakika, kwa kuwa vinasa sauti ambavyo Nixon mwenyewe aliviweka kwa siri vilikuwa vinafanya kazi.

Upenyo huo upo hadi leo. Shahidi akisema hakuwapo kwenye kikao, orodha ya mahudhurio inaweza kumuumbua. Akisema hakumbuki, amezungumzia kilichomo kichwani mwake, na ni juu ya mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba alikuwa anakumbuka. Ndiyo maana jibu hili hurudiwa sana. Mwaka 1990 Rais wa zamani Ronald Reagan, akitoa ushahidi wa video katika kesi ya aliyekuwa mshauri wake wa usalama, John Poindexter, kuhusu silaha zilizouzwa Iran, alisema hakumbuki mara 88 katika muda wa saa nane hivi. Mwaka 2007 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Alberto Gonzales, alilitoa jibu hilo zaidi ya mara 60 mbele ya maseneta waliotaka kujua kwa nini waendesha mashtaka wa serikali walifukuzwa kazi.

Hasira ya wananchi wanaposikia hivyo ina msingi. Hata hivyo, kabla hatujamwita mtu mwongo, tuangalie kwanza ubongo unavyofanya kazi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba zaidi ya nusu ya alichojifunza kilipotea ndani ya saa moja. Mambo yenye maana hudumu zaidi ya silabi zake, lakini nayo hayahifadhiwi kama yalivyotokea. Kila tunapokumbuka, ubongo hulijenga tukio upya kutokana na vipande: sura, hisia, mazoea, na yale tuliyoyasikia baadaye.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili umetoka katika kashfa ileile ya Watergate. Juni 1973 Dean aliisomea kamati ya Seneti maelezo ya kurasa 245. Alisimulia vikao kwa undani kiasi kwamba waandishi wa habari walimfananisha na mashine ya kurekodi. Wiki chache baadaye ikagundulika kwamba mashine ya kweli ilikuwepo. Mwanasaikolojia Ulric Neisser akaona nafasi ambayo maabara haiwezi kuitoa: shahidi aliyeapa na kanda ya mazungumzo yaleyale. Akavilinganisha, na mwaka 1981 akachapisha alichokiona.

Kuhusu kikao cha tarehe 15 Septemba 1972, Dean alikuwa amekosea karibu kila neno. Alisema Rais alimkaribisha kiti na kumwambia kwamba Haldeman amekuwa akimpa taarifa za kazi yake. Kwenye kanda maneno hayo hayapo. Kuhusu tarehe 21 Machi alikuwa sahihi zaidi, hasa pale aliposimulia onyo alilolitoa mwenyewe, kwa sababu onyo hilo alikuwa ameliandaa kabla. Ila katika jambo kubwa, kwamba uhalifu ulikuwa unafichwa na Rais alijua, Dean alisema kweli. Maneno yalipotea, tarehe zikachanganyika, nafasi yake mwenyewe ikakuzwa, lakini kiini kikabaki.

Huo ndio ufahamu ninaoutaka uingie katika kila chumba cha kamati ya uchunguzi. Mtu wa kawaida husahau maneno, tarehe na nani alikaa wapi. Kiini cha jambo alilolishughulikia wiki baada ya wiki, lililomkosesha usingizi, hakipotei kirahisi hivyo. Anayetaja chakula kilichoandaliwa kikaoni huku akiwa amesahau kabisa kwamba malipo yaliidhinishwa hapo anadai usahaulifu unaokwenda kinyume na kawaida, na anastahili kuulizwa zaidi.

Haki lazima ikate pande zote, na kesi ya Lewis "Scooter" Libby inaonyesha hivyo. Huyu alikuwa mkuu wa wasaidizi wa Makamu wa Rais Dick Cheney. Aliapa kwamba alipozungumza na mwandishi wa habari Julai 2003, habari za mwanamke aliyefanya kazi CIA zilimjia kama mpya. Maandishi yake mwenyewe yalionyesha kwamba Cheney alimwambia mwezi mmoja kabla. Mawakili wake walitaka mtaalamu wa kumbukumbu awaelimishe wazee wa baraza. Jaji akakataa kwa kuwa, kwa maoni yake, mambo hayo kila mtu anayajua. Machi 2007 Libby akatiwa hatiani.

Mwaka 2009 Karim Kassam, Daniel Gilbert na wenzao wakachapisha utafiti unaompinga jaji huyo. Watu walioambiwa mapema, wakati wa kujifunza, kwamba kukumbuka kutawafaidisha walikumbuka zaidi. Walioambiwa baadaye, wakati wa kuulizwa, hawakufaidika hivyo. Waliotakiwa kukisia matokeo hawakuitambua tofauti hiyo. Kwa hiyo sisi wasikilizaji huona kwamba jambo ni zito leo, tukadhani lilikuwa zito siku lilipotokea. Sidhani kwamba utafiti huo unamsafisha Libby, maana mashahidi kadhaa walieleza kwamba walizungumza naye kuhusu mwanamke huyo mapema. Lakini jaji alikosea kudhani kwamba sote tunajua tunavyosahau.

Na wanaojifanya wamesahau? Jaribio lililofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 1999 liliwapa watu kisa cha uhalifu, wengine wakaagizwa wajifanye hawakumbuki. Wiki moja baadaye wote walitakiwa kusema kweli. Waliokuwa wamejifanya walikumbuka pungufu kuliko waliosema kweli tangu mwanzo. Afisa anayekwepa maswali mwaka mzima anaweza kuzipoteza hata kumbukumbu alizokuwa nazo, na hasara ni ya umma.

Kwa hiyo tusihangaike kusoma usoni mwa shahidi kama amesahau kweli. Katika ushahidi ule wa 1990, Reagan alishindwa hata kulitambua jina la Jenerali John Vessey, aliyekuwa mkuu wa majeshi katika utawala wake. Miaka minne baadaye alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Hakuna awezaye kuzigawa mara zile 88 kati ya maradhi, uzee na hila.

Wabunge na makamishna waanze na shajara, ujumbe wa simu na mihtasari ya vikao, ndipo wamwite shahidi. Wamuulize kiini kabla ya maneno, na alifanya nini kesho yake. Na afisa anayeamua juu ya fedha au maisha ya wananchi bila kuacha maandishi siku ileile awajibishwe kwa kosa hilo, hata kama kweli amesahau.